Dhumuni la Barua Hii

Wewe msomaji, umewahi kusema ndiyo bila ya kulitamka neno lenyewe?

Mimi nimesema. Nimesema mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nakusudia hapana.

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, nakusogezea kidogo. Mimi ni Mize binti Kombo, mzaliwa wa Pangani, nikaolewa Bagamoyo, mtaa wa Dunda, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu, Issa, alifariki baada ya miaka arobaini na moja ya ndoa. Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kutoka. Mdogo wangu Rukaya akaja kutoka Pangani kukaa nami.

Eda haijafika nusu, kaka yetu mkubwa, Muhidini, alikuja kunitazama. Mkononi ameshika bakuli la halua lenye mzunguko wa buluu, limefungwa kwenye kitambaa.

Halua ilitoka kwa jirani yake kule Pangani, Shamsudin, mwuza nyavu na kamba, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu nyuma. Mwanamke aliye edani haposwi waziwazi, dini imekataza. Anadokezwa. Bakuli lile nililielewa tangu lilipovuka kizingiti, na jibu langu lilikuwa rahisi: kulirudisha tupu.

Lakini nani kwetu anarudisha chombo cha watu kitupu? Niliona haya. Nikalijaza vileja vya samli na hiliki, nilivyovioka mwenyewe kwa mkaa wa juu na wa chini. Na hili nalo naliungama: nilivichagua. Vilivyopasuka tulikula mimi na Rukaya, vizuri vikaenda Pangani.

Shamsudin alipofungua kile kitambaa, mtaa mzima kule ukaambiwa mjane amejibu.

Hiyo ilikuwa ndiyo yangu ya kwanza.

Mwezi wa tatu wa eda Muhidini alirudi. Alikaa kwenye kiti cha Issa, kile chenye mkono uliofungwa waya, akaanza kuniuliza hali. Aliniuliza hali yangu, ya magoti yangu, ya binti yangu Saida aliye Mtwara, ya wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Alisifu maji ya kisima chetu. Aliuliza kama dari linavuja. Nikajua anatafuta mlango wa kuingilia.

Kisha akaingia.

"Mize mdogo wangu, mimi nikifa leo nikakutana na baba, nitamwambia nimekuacha wapi?"

Nikatazama mkeka.

Akaniambia chumba kule Pangani kimeshapakwa rangi ya maziwa. Kina dirisha linalotazama mto. Kuhusu nyumba hii ya Dunda nisijitie shaka, haitakaa tupu, mwanawe Ibrahimu anataka kuoa na atahamia humu aitunze. Alisema yote hayo kwa upole, sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Ningepata mtu mbaya wa kugombana naye ningegombana. Sikumpata.

Nilitaka kumwambia kwamba nyumba hii Issa aliniandikia mwenyewe angali hai, mbele ya mashahidi, ili nisihamishwe na mtu. Badala yake nikasema, "Wewe ndiye baba yangu sasa, kaka."

Ni jibu la heshima tu. Ningempa hata kama angeniomba maji ya kunywa. Muhidini akapiga magoti yake kwa viganja, akasema Alhamdulillahi, akainuka.

Hiyo ya pili.

Haikupita wiki nikasikia utepe wa kupimia unavutwa nje ya dirisha, ule mlio wake wa kurudi ndani kwa kasi. Ibrahimu huyo, anapima madirisha ya nyumba yangu na mimi nimo ndani. Kijana ana adabu. Alinisalimu kupitia nondo, "Shikamoo shangazi," nikaitika marahaba. Akaniuliza kama dirisha la jikoni naona bora libaki au lizibwe.

Nikamwambia afanye atakavyoona yeye.

Usinicheke. Wewe mwenyewe hujui ulimi wako utafanya nini siku hiyo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Saida, ambaye kila akipiga simu hunambia nikiwa na mume yeye atalala usingizi. Nilimpenda Issa. Nilimwosha miguu alipovimba, nilimlisha kwa kijiko miezi saba. Lakini tangu nikiwa binti sijawahi kulala katikati ya kitanda. Nililala ukutani kwa mama, nikalala ukutani kwa mume. Edani, baada ya siku arobaini, niliamka asubuhi moja nikajikuta nimelala katikati, mikono huku na huku, na jua limeshafika kwenye mtungi. Hakuna aliyeniuliza chai iko wapi. Nilipika chai yangu, nikaweka tangawizi nyingi kama nipendavyo mimi, nikainywa pole pole mpaka ikapoa.

Nikaona haya kwa furaha ile. Lakini nilitaka nyingine kesho yake.

Ndicho nilichokuwa nakitaka. Si kingine. Kubaki kwangu.

Nina shoga yangu, Wahida, mkaanga samaki pale sokoni. Kila siku baada ya alasiri alikuwa akija kunikalia, ananukia mafuta na ndimu, na chochote alichobakiza amekifunga kwenye karatasi. Yeye ndiye aliyenambia nimwandikie kaka. Simu ninayo, lakini simu ya Muhidini haisikilizwi na mtu mmoja. Akiipokea huiweka sauti kubwa barazani, na kila aliyekaa pale anakusalimu kwa zamu. Jambo la siri huwezi kulisema mbele ya watu tisa.

Basi nikaandika. Darasa la saba nilimaliza, na barua tulifundishwa vizuri: anwani juu mkono wa kulia, salamu, kisha dhumuni. Mwalimu alikuwa akituchapa tukisahau dhumuni.

Nilitumia siku mbili na karatasi nne. Nilimsalimu kaka, wifi, watoto, na majirani wa pande zote mbili. Nilishukuru kwa kunitazama. Nikafika mahali pale, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: "Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni"

Kalamu ikasimama.

Nilikwenda kumwagilia mlangilangi wangu uani. Nikarudi. Nikachambua mchele. Nikarudi. Nikaandika, "kutaka kujua hali zenu."

Chini yake nikaongeza kwamba kuhusu lile jambo, mimi bado natafakari, na mwenye kujua kheri ni Mungu peke yake. Nikaifunga. Rukaya akampa mtu anayesafiri.

Siku ya nne simu ikalia. Muhidini huyo, na nyuma yake baraza zima. Alisema barua ameipata, ameisoma kwa sauti, na wazee wamesema siku hizi hakuna tena wanawake wanaoandika kwa adabu namna ile. Mzee mmoja alichukua simu akanipa hongera. Mwingine akaniombea umri. Nikasema amin. Nikasema ahsanteni. Muda wa maongezi ukaisha.

Ya tatu hiyo.

Wahida alipokuja nilimpa rasimu, maana nilikuwa nimeihifadhi. Anasoma taratibu, kidole kinafuata mstari. Aliisoma yote. Akageuza karatasi ya mwisho akatazama nyuma, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye mchuzi.

"Shoga, iko wapi?"

"Nini?"

"Hapana yako."

Nikamwonyesha pale penye kutafakari.

Wahida akaweka karatasi chini, akajifuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. "Mimi mnadani nikimwambia dalali natafakari, samaki anaondoka na mwingine, na mafuta yangu yako motoni. Sasa nijibu. Muhidini akishaikunja barua yako, unataka ainuke akafanye nini?"

"Sitaki akasirike."

"Kukasirika ni kwake, hukumpa wewe. Unataka afanye nini?"

"Anielewe."

"Akikuelewa afanye nini?"

Wallahi sikujua. Miaka sitini nimesema na watu, na sijawahi kujiuliza nikimaliza kusema nataka mtu ainuke aende wapi. Nilikuwa nasema ili mambo yapite salama. Maneno yangu yote yalikuwa kama mto wa kuegemea. Yeyote ajaye anaegemea upande autakao yeye.

Wahida hakunisaidia. Alikaa akimenya chungwa, akanipa kipande, akala kipande. Chungwa lilipokwisha nikasema, "Nataka amwambie Shamsudin asije."

"Basi andika hilo."

Niliandika palepale, magotini, mistari mitatu. "Kaka, sitaki kuolewa. Nabaki nyumbani kwangu. Mwambie Shamsudin asije." Wahida aliisoma kwa pumzi moja, akacheka, akasema hii hata yeye angeiuza.

Sasa sikiliza aibu yangu. Sikuituma.

Aliondoka Wahida, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Nilijiambia ni kavu mno, nitaongeza salamu kidogo. Kesho yake alikuwepo msafiri, nikasema kesho. Akaja mwingine, nikasema Ijumaa. Kila nikilala nilikuwa naisikia karatasi inalia chini yangu nikigeuka, na kile kitanda nilichokipenda kikawa kinanichoma.

Siku moja Rukaya alikuwa anachekecha unga, akaniuliza bila ya kuinua uso, "Dada, kwani wewe humtaki Shamsudin?"

Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Aliachika zamani, hakujaaliwa mtoto, na miaka kumi na minane anakaa kwa Muhidini analea watoto wa wenzake na kupika sufuria zisizo zake. Ningeweza kumwambia. Lakini niliogopa atamfikishia kaka kabla sijapata maneno mazuri.

"Nani kasema simtaki?" nikamjibu.

Rukaya alisema basi. Akaendelea kuchekecha mpaka unga ukawa umekwisha na chekecheke linakwenda tupu.

Eda ikaisha. Nilioga, nikavua nyeupe, nikavaa kanga mpya, wanawake wa mtaa wakaja tukasoma dua tukala. Nilitoka hadi barazani kwa mara ya kwanza, nikatazama barabara, nikaona mwenye duka la ng'ambo amebadilisha mlango. Nilijiambia kesho asubuhi nampigia kaka mwenyewe, sauti kubwa au isiwe kubwa.

Kesho yake asubuhi, saa nne, Kanta, lori dogo la mizigo, ikasimama mlangoni.

Aliteremka Muhidini. Aliteremka Ibrahimu na vijana wawili. Aliteremka Shamsudin, kanzu imepigwa pasi ina mistari mikononi, kofia mpya. Na mwisho, akishikwa mkono, akateremka Sheikh Masoud anayefungisha ndoa kule kwetu, na kitabu chake kwapani. Nyuma ya gari walikuwa wametandika mikeka ili vitu vyangu visikwaruzike.

Muhidini alinikumbatia. Akasema hakutaka kunichosha na maandalizi, ndoa ifungwe hapahapa nyumbani, kisha twende zetu, kule mbuzi wameshachinjwa na sufuria zimeshainjikwa.

Nilirudi ndani nikakaa kitandani. Wanawake wakaja upande wangu, wanaume wakatandikiwa ukumbini, pazia likavutwa katikati. Wahida alitumiwa salamu akaja mbio na aproni yake ya sokoni. Rukaya alikuwa anapanga vikombe vya kahawa kwenye sinia na vikombe vinagongana.

Kupitia dirishani nikawaona wale vijana wawili wamebeba kabati langu la vyombo. Hawakuniuliza. Mbona waniulize? Nilishajibu mara tatu.

Sheikh Masoud akakohoa, akauliza kama bibi harusi ameridhia. Muhidini akasema ameridhia, na ushahidi upo kwa mwandiko wake. Nikasikia karatasi zinafunguliwa. Sheikh akaisoma barua yangu yote, salamu moja moja, na wanaume waliosalimiwa mle wakawa wanaitika. Alipofika mwisho akaikunja.

"Muhidini, barua hii inauliza hali."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kaka akasema hiyo ndiyo adabu ya dada yake, mwanamke mwenye haya hasemi wazi.

"Mwanamwali ndiye asiyesema," sheikh akamjibu. "Mwanamwali akinyamaza, kimya chake kinatosha. Huyu ameshaolewa akafiwa. Huyu dini inanitaka nimsikie kwa ulimi wake. Bi Mize, unanisikia?"

"Nakusikia, sheikh. Shikamoo."

"Marahaba. Sema."

Nikaanza. Niliwashukuru kwa safari. Niliwapa pole kwa vumbi. Nilimwombea kaka yangu maisha marefu kwa jinsi alivyonihangaikia. Upande wa pili wakasema mashaallah. Nikasema sisi wanawake hatuna kubwa isipokuwa radhi za wakubwa wetu. Wakasema amin. Nikasikia kifuniko cha kalamu kinafunguliwa, na nikatambua kwamba naelekea kuleule, kwa miguu yangu mwenyewe, nikiwa naongea.

Nikanyamaza katikati ya neno.

Nikajiuliza: sheikh huyu nikimaliza kusema, nataka afanye nini? Jibu lilikuwa karibu, kama kikombe kilicho mbele yako. Nataka afunge kitabu.

"Sheikh, funga kitabu," nikasema. "Sitaki kuolewa, si na Shamsudin wala na mtu mwingine. Ibrahimu, rudisha kabati langu ndani. Mimi nabaki nyumbani kwangu."

Sauti yangu ilitoka nzito kuliko ninavyoijua. Haikutetemeka.

Hakuna aliyesema amin.

Kitabu kilifungwa. Nilikisikia. Kisha pazia likasogezwa, Muhidini akaingia upande wa wanawake, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alisimama mbele yangu kama mtu aliyepotelewa na kitu akiwa anakishika.

"Mize, umeniacha uchi mbele ya watu. Kwa nini hukusema?"

Swali hilo bado ninalo. Ndiyo maana leo nawaandikieni.

Akaendelea taratibu, hesabu ya mtu asiyejua aanzie wapi. Mbuzi wamechinjwa. Watu wamealikwa. Shamsudin ni mtu wa heshima, amevaa, amepanda gari, amekaa pale nje ya pazia anasikia kila neno. "Sasa mwanamume huyu nimrudishe vipi? Nimwambie nini?"

Hapo sinia la kahawa likawekwa chini. Lilitua taratibu, bila ya kikombe hata kimoja kugongana.

Rukaya alinyanyuka. Alijifunga kanga yake vizuri kiunoni, kama anavyofanya akitaka kubeba kitu kizito. Hakunitazama mimi wala Wahida. Alimtazama kaka yetu machoni, na hakushusha sauti hata kidogo, ingawa pazia lilikuwa wazi.

"Mwambie mimi namtaka," alisema. "Mwaka wa pili huu namtaka, kaka, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza."